Nyama buchani: Kinachomvuta mteja na kile ambacho jicho halikioni

Na Mwandishi Wetu, Ihanda

MTEJA anaposimama mbele ya bucha kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia katika Kata ya Ihanda, wilayani Mbozi, jambo la kwanza analolifanya si kuuliza bei. Huinua macho kuelekea kwenye ndoano, akaitazama nyama iliyoning'inia, kisha ndipo hunyoosha kidole na kuomba akatiwe pale anapopaona pana mnofu mwekundu.

Katika sekunde hizo chache uamuzi unakuwa umekwisha kufanyika. Bei, uzito na maneno ya muuzaji huja baadaye. Jicho ndilo linalotangulia, na mara nyingi ndilo linaloamua ni bucha ipi itamaliza nyama yake kabla ya saa sita mchana na ipi itabaki na mapaja yanayoendelea kugeuka rangi hadi jioni.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: je, jicho hilo linastahili kuaminiwa kiasi hicho? Wataalamu wa sayansi ya nyama wamelifanyia kazi swali hilo kwa miongo mingi, na jibu lao lina pande mbili. Jicho husema kweli kuhusu mambo fulani, hudanganyika kirahisi kuhusu mengine, na yapo mambo ya hatari ambayo halina uwezo wa kuyaona kabisa.

Kwa wakazi wa Mbozi, sehemu hiyo ya tatu ni suala la afya ya kila siku, kama makala haya yatakavyoeleza.

Ihanda na biashara ya nyama

Ihanda ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu ya mkoa yapo Vwawa, na kwa upande wa magharibi barabara inaelekea Tunduma, mji wa mpakani unaopakana na Nakonde nchini Zambia.

Wananchi wa eneo hili hutegemea kilimo cha mahindi, maharage na kahawa, lakini karibu kila kaya ina mifugo ya aina fulani. Ng'ombe wengi ni wa asili, wenye nundu na pembe fupi, wanaolishwa kwa kuchungwa. Nguruwe nao ni wengi mno. Mikoa ya Mbeya na Songwe inajulikana kitaifa kwa ufugaji wa mnyama huyo, ambaye nyama yake mitaani imepewa jina la kitimoto.

Kwa mkulima mdogo, nguruwe ni kama akiba. Ada ya shule ikifika, au mbolea ikihitajika, anauzwa mmoja. Kwa hiyo namna mnunuzi anavyoitazama nyama ina athari za moja kwa moja kwa mfugaji, mchuuzi, mwenye bucha na familia itakayokula.

Kwa nini nyama ni nyekundu

Watu wengi huamini kuwa wekundu wa nyama ni damu. Si kweli. Mnyama akichinjwa vizuri, sehemu kubwa ya damu hutoka. Kinachobaki kikiipa nyama rangi ni protini iliyomo ndani ya misuli, iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake mnyama anapokuwa hai ni kuhifadhi oksijeni kwa ajili ya misuli inayofanya kazi.

Ndiyo maana nyama ya ng'ombe ni nyekundu kuliko ya nguruwe, na ya nguruwe ni nyekundu kuliko kidari cha kuku. Ng'ombe ana mayoglobini nyingi zaidi. Aidha, mnyama mzee anayo nyingi kuliko ndama, na misuli inayotembea kutwa, kama ya mguu, inayo nyingi kuliko misuli isiyofanya kazi kubwa.

Mayoglobini hiyo ina rangi tatu kuu. Nyama ikikatwa wakati huo huo, uso wake wa ndani huwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kwa sababu bado haijakutana na hewa. Baada ya dakika kadhaa, oksijeni ikiingia, uso huo hugeuka na kuwa mwekundu wa kung'aa, rangi ambayo mteja huipenda. Ikikaa kwa saa nyingi au siku kadhaa, kutegemea na joto, hugeuka kahawia.

Kutokana na maelezo hayo, zipo dhana mbili zinazopaswa kusahihishwa. Ya kwanza ni ya mteja anayekatiwa kipande, akaona ndani kuna weusi wa zambarau, akadhani amechanganyiwa nyama ya jana. Rangi hiyo ni ya kawaida kwa nyama ambayo haijapata hewa, hata kama ng'ombe alichinjwa alfajiri ya siku hiyo.

Ya pili ni dhana kuwa kila nyama iliyogeuka kahawia imeoza. Ukahawia ni dalili kuwa muda umepita na hewa imefanya kazi yake, lakini kuoza huletwa na bakteria, na bakteria hujitambulisha zaidi kwa harufu na utelezi kuliko kwa rangi. Hata hivyo, katika bucha isiyo na jokofu mambo hayo mawili huenda pamoja, hivyo mteja anayeikwepa nyama ya kahawia saa kumi jioni hajakosea sana.

Rangi inayoanzia njiani

Ipo nyama ambayo hutoka machinjioni ikiwa tayari nyeusi, kavu na ngumu kwa kuigusa, na hubaki hivyo hata ikikaa kwenye hewa. Wateja huiogopa, wakidhani ni ya mnyama aliyekufa kibudu. Mara nyingi chanzo chake ni kingine.

Misuli ya mnyama huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hubadilika kuwa asidi ya laktiki, na kipimo cha pH cha nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.8 ndani ya siku moja. Uchachu huo mdogo ndio unaoipa nyama rangi inayong'aa na kuisaidia isiharibike haraka.

Ng'ombe aliyetembezwa kwa siku nyingi kutoka mnadani, akasafirishwa amesimama kwenye lori bila maji, au akachapwa na kutishwa kabla ya kuchinjwa, huwa amekwisha kuitumia sukari yake. Asidi haitengenezwi ya kutosha, pH hubaki 6 au zaidi, na nyama hutoka nyeusi. Inalika, lakini huharibika mapema kuliko nyingine kwa sababu bakteria hustawi pale pasipo na uchachu.

Kwa nguruwe hali huwa kinyume. Akipata taharuki kubwa muda mfupi kabla ya kuchinjwa, kwa mfano baada ya kufungwa miguu na kubebwa juu ya pikipiki, asidi hutengenezwa kwa kasi wakati mwili ungali na joto. Nyama hutoka ikiwa imepauka, laini kupita kiasi na inayotoa maji mengi kwenye sahani.

Kwa maneno mengine, mchuuzi anayemtesa mnyama njiani hujipunguzia fedha mwenyewe, kwa kuwa mteja wa kesho yake ataipita nyama hiyo bila hata kuuliza.

Mafuta meupe na mafuta ya njano

Baada ya rangi ya mnofu, jambo la pili linaloangaliwa ni mafuta. Hapa wateja hugawanyika. Wapo wanaotaka nyama isiyo na mafuta kabisa, hasa waliopewa ushauri na daktari, na wapo wanaosema nyama bila mafuta haina mchuzi. Wachoma nyama kwa kawaida huchagua ubavu wenye tabaka la mafuta, kwa sababu mafuta huizuia isikauke juu ya makaa.

Rangi ya mafuta nayo huzua mjadala. Mafuta ya njano huhusishwa na ng'ombe mzee, na mara nyingine na ugonjwa. Ukweli ni kwamba njano hiyo hutokana hasa na karotini, kirutubisho kilichomo katika majani mabichi, ambacho ndicho hicho hicho kinachoipa karoti rangi yake. Ng'ombe aliyechungwa kwenye majani mabichi kwa miaka mingi atakuwa na mafuta ya njano. Aliyenenepeshwa zizini kwa pumba na mashudu atakuwa na mafuta meupe zaidi.

Umri unachangia, kwa kuwa karotini hujikusanya kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo mteja anayesema mafuta ya njano ni dalili ya ng'ombe mzee huwa na sehemu ya ukweli. Anayesema ni dalili ya ugonjwa kwa kawaida hukosea, isipokuwa pale ambapo unjano umeenea hadi kwenye viungo na ngozi laini za ndani, hali ambayo mkaguzi hutakiwa kuibaini kuwa ni manjano ya ugonjwa na kuizuia nyama hiyo.

Nyama ya moto na nyama laini

Katika miji midogo ya Tanzania, Ihanda ikiwamo, nyama inayopendwa ni ya siku hiyo hiyo. Ng'ombe huchinjwa alfajiri, na jua likichomoza nyama inakuwa imefika buchani ikiwa bado na joto la mwili. Uvuguvugu huo na wekundu wake ni uthibitisho kwa mteja kwamba haijalala.

Tabia hiyo ina sababu ya msingi. Mahali ambapo jokofu ni adimu na umeme hukatika, nyama iliyolala ni nyama ya mashaka. Wazee waliojifunza kununua nyama ya asubuhi walijilinda kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

Lakini kuna gharama. Saa chache baada ya kuchinjwa, misuli ya ng'ombe hukakamaa, na ukakamavu huo huchukua hadi siku moja au zaidi. Nyama inayopikwa wakati huo huwa ngumu. Ikihifadhiwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 4 kwa siku kadhaa, vimeng'enya vyake vyenyewe huilainisha. Hoteli kubwa hununua nyama ya namna hiyo, ingawa uso wake huwa umekolea rangi na hauvutii kama ule wa nyama ya asubuhi.

Hivyo mteja anayechagua kwa jicho hupata nyama inayopendeza zaidi kuitazama na inayohitaji kuni nyingi zaidi kuilainisha.

Wengine duniani wamepima nini

Suala hili halipo Ihanda peke yake. Mwaka 1973, watafiti Hood na Riordan wa Ireland walionyesha kuwa kadiri ukahawia unavyoongezeka juu ya nyama ya ng'ombe, ndivyo mauzo yanavyopungua. Ukahawia ulipofikia takriban asilimia 20 ya rangi ya juu ya nyama, wateja walinunua nusu tu ya kiasi walichonunua cha nyama nyekundu iliyowekwa kando yake.

Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani, Carpenter na wenzake, walikwenda mbele zaidi. Waliwaonyesha watu nyama nyekundu, ya zambarau na ya kahawia, wakawauliza ipi wangenunua. Nyekundu iliongoza, ikafuatiwa na ya zambarau, na ya kahawia ikawa ya mwisho. Kisha watu hao waliionja nyama iliyopikwa. Rangi waliyoiona mwanzo haikubadilisha alama walizotoa kwa ladha.

Matokeo hayo yana maana kubwa: rangi iliamua nani atanunua nini, lakini haikuamua nani atafurahia chakula chake.

Hasara yake ni kubwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oklahoma State ulikadiria kuwa Marekani hutupa karibu kilo milioni 195 za nyama ya ng'ombe kila mwaka kwa sababu ya kubadilika rangi. Kiasi hicho ni sawa na ng'ombe wapatao 780,000.

Pale jicho linapodanganywa

Kwa kuwa wafanyabiashara wanajua kuwa wekundu unauza, wapo wanaotafuta njia ya kuutengeneza. Njia nyepesi ni taa. Balbu au bati lenye wekundu juu ya ndoano huifanya nyama iliyochoka ionekane mpya. Mteja akiitoa nyama nje kwenye mwanga wa jua ndipo huiona rangi yake halisi.

Njia nyingine ni ya kemikali. Julai 2019, kituo cha televisheni cha NTV nchini Kenya kilirusha taarifa ya uchunguzi iliyodai kuwa baadhi ya wauzaji wa nyama mjini Nairobi walikuwa wakitumia sodiamu metabaisulfaiti ili nyama iendelee kuonekana nyekundu na isiyo na harufu. Taarifa hiyo ilizua mjadala mkubwa, na wateja wengi wakaanza kuitilia shaka nyama ile ile iliyokuwa ikiwavutia kwa uzuri wake.

Kemikali hiyo ina matumizi halali katika baadhi ya vyakula kwa viwango maalumu, lakini katika nyama mbichi huficha dalili za kuharibika, na inaweza kuwadhuru hasa wenye ugonjwa wa pumu.

Katika nchi zilizoendelea mjadala umekuwa kuhusu gesi. Marekani iliruhusu kiasi kidogo cha kaboni monoksaidi katika vifungashio vya nyama mwanzoni mwa miaka ya 2000, gesi ambayo huifanya nyama ibaki nyekundu kwa muda mrefu. Umoja wa Ulaya hauruhusu matumizi hayo, na hoja ya wanaopinga ni kwamba rangi hubaki nzuri hata pale nyama inapokuwa imepitwa na wakati.

Kitimoto na kisichoonekana

Kwa Wilaya ya Mbozi, hata hivyo, hatari kubwa zaidi haitokani na kemikali. Inatokana na mnyoo aina ya tegu anayeishi kati ya binadamu na nguruwe.

Nguruwe aliyeambukizwa huwa na malengelenge madogo meupe ndani ya misuli, yanayofanana na punje za mchele au maharage madogo yaliyojaa maji. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, lengelenge hukua tumboni mwake na kuwa tegu mrefu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mzunguko huanza upya.

Hatari kubwa huja pale mayai hayo yanapoingia kinywani mwa binadamu, kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Malengelenge huota mwilini mwake kama yanavyoota kwa nguruwe, na yakifika kwenye ubongo huweza kusababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani limeutaja ugonjwa huu kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifafa kinachoweza kuzuilika.

Kwa sababu hiyo, hata mtu asiyegusa kabisa nyama ya nguruwe kwa imani au kwa chaguo lake anaweza kuugua, iwapo anaishi jirani na mtu mwenye tegu asiyetumia choo au asiyenawa mikono.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha watu 830 wa vijiji 13 vya Wilaya ya Mbozi, uliwakuta asilimia 16.7 wakiwa na alama za maambukizi ya malengelenge hayo katika damu. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huo huo ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya nguruwe waliopimwa damu katika wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini walikuwa na maambukizi.

Wafugaji na wachuuzi wanaufahamu ugonjwa huu kwa macho. Kabla ya kununua nguruwe, mchuuzi humbana mnyama, akamvuta ulimi na kuupapasa chini yake. Akiona au kugusa uvimbe, hukataa kumnunua au hushusha bei. Ni kipimo cha bure, cha haraka, na kinachoheshimiwa vijijini.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho huwakosa wengi. Katika tafiti za eneo hili, nguruwe waliobainika kwa kuangaliwa ulimi walikuwa wachache sana kuliko waliobainika kwa kipimo cha damu. Mwenye malengelenge machache ndani ya paja au moyo huwa na ulimi safi, na mnofu wake buchani huonekana mwekundu na mzuri kama wa nguruwe mzima.

Zaidi ya hapo, nguruwe aliyekataliwa si lazima atupwe. Mfugaji anayetegemea fedha hiyo huweza kumchinja nyumbani na kuwagawia au kuwauzia majirani bila ukaguzi. Hivyo kipimo cha ulimi, ambacho kinamlinda mnunuzi wa mjini, huweza kuirudisha nyama mbaya kijijini kwa walaji wenye uwezo mdogo zaidi wa kuchagua.

Muhuri na kazi ya mkaguzi

Kwa kuwa jicho la mteja lina mipaka, sheria imeweka jicho jingine. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Nyama namba 10 ya mwaka 2006 ni miongoni mwa sheria zinazosimamia uchinjaji na biashara ya nyama nchini. Bodi ya Nyama Tanzania, iliyotokana na sheria hiyo ya mwaka 2006, ilizinduliwa mwaka 2008. Usalama wa chakula kwa jumla, uliokuwa chini ya iliyokuwa TFDA, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019.

Mkaguzi wa nyama hutakiwa kumwona mnyama akiwa hai, kisha kuichunguza nyama baada ya kuchinjwa. Hukata mapafu kutafuta kifua kikuu, ini kutafuta minyoo, na misuli ya mashavu, moyo na ulimi kutafuta malengelenge ya tegu. Akiridhika, hugonga muhuri wa wino juu ya nyama.

Muhuri huo, ambao kwa mteja asiyejua huonekana kama uchafu unaopaswa kukatwa na kutupwa, ndiyo sehemu ya mwonekano wa nyama yenye maana kuliko zote. Hueleza kilichokuwa ndani ya mnyama, jambo ambalo rangi haiwezi kulieleza.

Uzoefu unaonyesha pia kuwa imani ya mteja ikivunjika, uzuri wa nyama hausaidii. Homa ya Bonde la Ufa ilipoikumba nchi mwaka 2007 na kuua zaidi ya watu 100, wateja wengi waliacha kununua nyama, hata katika maeneo ambayo nyama ilionekana safi na nyekundu kama kawaida. Walichokipoteza ni uhakika wa kilichotangulia kabla ya ndoano.

Jinsi ya kulitumia jicho vizuri

Wataalamu hawamshauri mteja aache kuangalia. Wanamshauri ajue anaangalia nini.

Kwanza, atafute muhuri wa mkaguzi. Kama vipande vilivyokatwa havina muhuri, aombe kuonyeshwa paja au mkono vilikotoka.

Pili, aitazame nyama kwenye mwanga wa kawaida, si chini ya taa au kivuli chenye rangi. Mnofu uwe mwekundu usio na utelezi wala ukijani, na mafuta yawe makavu.

Tatu, aitumie pua. Harufu kali au ya uchachu haina tafsiri njema, hata kama rangi inavutia. Vilevile, nyama inayong'aa sana jioni katika bucha isiyo na jokofu ni ya kutiliwa shaka.

Nne, aiangalie bucha yenyewe: gogo la kukatia, kisu, nguo ya muuzaji, nyavu za kuzuia nzi. Nyama nzuri iliyokatwa juu ya gogo chafu hufika nyumbani ikiwa imebeba uchafu huo.

Tano, kwa nyama ya nguruwe, akate vipande vidogo na aipike hadi ndani kusibaki wekundu wala majimaji ya damu. Joto la kutosha huua malengelenge yaliyopo, hata yale ambayo hakuna aliyeyaona. Kitimoto cha kuchoma kilichoungua nje na kubaki kibichi ndani ni hatari zaidi kuliko cha kuchemsha.

Sita, mnyama aliyekufa ghafla, hasa mwenye damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani au sehemu nyingine za wazi, asichunwe wala kuliwa. Dalili hizo huweza kuwa za kimeta, ugonjwa unaoua binadamu, na taarifa inapaswa kutolewa kwa afisa mifugo mara moja.

Kwa mfugaji, kinga huanzia bandani. Nguruwe afungiwe badala ya kuachwa azurure, na kila kaya iwe na choo kinachotumika. Hatua hizo mbili hukata mzunguko wa tegu mahali ambapo hakuna mkaguzi wala mteja awezaye kufika.

Mteja wa Ihanda ataendelea kunyoosha kidole kwenye sehemu nyekundu, na hakuna wa kumlaumu. Ndivyo walivyofanya pia wateja wa Ireland na Marekani walipopimwa. Kabla ya kisu kushuka, hata hivyo, anaweza kuongeza jambo moja lisilomgharimu hata senti: amwombe muuza nyama aligeuze paja, aone kama upande wa pili kuna wino.